Bibi Kohoa Anatuaga Akiwa Kitandani

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wagonjwa walimwita Sista; sisi, nyuma ya mgongo wake, tulimwita Bibi Kohoa. Alijua, akajifanya hajui.

Jina hilo halikumjia bure. Mzee yeyote aliyeletwa wodini akidai tumbo haliumi, aliambiwa akohoe kwanza, huku Bibi akimkazia macho usoni aone kama atajikunja kwa maumivu. Alitufundisha kwamba kidole tumbo cha kijana hupiga kelele, cha mzee hunyamaza: homa haipandi, maumivu ni kidogo, kumbe kimeshapasuka. "Mzee akikwambia hajambo, usimwamini. Mwambie akohoe!"

Hatumsahau yule fundi cherehani aliyekuja na paja lililovimba. Wote tulilikodolea macho paja. Bibi akamwambia akohoe, naye akashika tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeteremka hadi pajani. Alipopona alimshonea Bibi aproni ya maua, kubwa ya kuwatosha wauguzi wawili. Bibi aliivaa hivyo hivyo, tukacheka mpaka basi.

Mwezi uliopita alianza kutembea ameinama kidogo, mkono ubavuni. "Gesi tu hiyo, wanangu," alisema, akaendelea kusukuma kitoroli cha dawa. Tukamwamini. Wodi nzima aliyoifunza yeye, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia akohoe. Siku alipoanguka, kidole tumbo kilikuwa kimepasuka zamani na usaha umefika kwenye ini. Inatuuma, na itaendelea kutuuma.

Sasa amelazwa kitanda cha dirishani, katika wodi yake mwenyewe, ameshafanyiwa upasuaji mara mbili. Madaktari hawatuahidi kitu. Binti yake anasema kila akizinduka huuliza kama wagonjwa wake wamegeuzwa vitandani wasipate vidonda. Ijumaa hakutakuwa na ukumbi wala keki. Tutasimama pale kitandani kwa zamu, tusimchoshe, na aproni ya maua tutaitundika mahali anapoweza kuiona.

Asante, Bibi, kwa wazee wote waliotoka humu wakarudi nyumbani kwa miguu yao. Wastaafu wengine huwa tunawatakia maisha mema. Wewe, mama yetu, tunakuomba kwanza uishi.