Verdiana Ditram na Umeme wa Nyumba ya Mwisho

Viongozi wetu wa dini, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutufariji, mimi Zabron, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na nitayasoma yote.

Marehemu Verdiana Ditram alizaliwa Ruhembe tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa mzee Ditram, mkata miwa, na mama yetu Filomena, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi Ruhembe, akamaliza sekondari Kilosa mwaka 1997, kisha akaenda Morogoro kusomea ufundi umeme, msichana pekee darasani, akahitimu mwaka 2000.

Mwaka 2001 aliajiriwa na mkandarasi wa kujenga laini za umeme, akaanza na kupanda nguzo hadi akawa msimamizi. Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa hapa Mikumi na shemeji yetu Fortunatus, dereva wa malori, wakajaliwa Doris na Vitalis.

Sehemu inayofuata tumeshauriwa tuiruke, ila familia imekataa.

Mwaka 2017 kampuni yao ilipeleka umeme katika kijiji kimoja cha Lumuma, wakaweka transfoma moja mwanzoni mwa kijiji, wakavuta nyaya nyembamba hadi nyumba ya mwisho, bondeni. Mchana taa ziliwaka vizuri, lakini jioni kila mtu alipowasha zake, za bondeni zilififia zikawa nyekundu, mashine ya kusaga ikanguruma bila kuzunguka, na jokofu la chanjo la zahanati likaungua mota. Wanakijiji waliambiwa kosa ni lao, wanunue vifaa bora.

Verdiana alipotakiwa kusaini kwamba kazi imekamilika, alikataa. Bosi wake alimwuliza, "Kwani taa haziwaki?" naye akamjibu, "Zinawaka mchana, bosi. Twende jioni ukae na mgonjwa zahanati." Wanakijiji aliwaeleza kwamba umeme hupungua nguvu njiani, kama maji kwenye mpira mrefu mwembamba ambao kila nyumba inachota, na kwamba dawa yake ni nyaya nene, transfoma iliyo karibu na watumiaji, na nyumba kugawanywa sawasawa kwenye nyaya za laini, zisirundikwe kwenye waya mmoja.

Alifukuzwa kazi Januari 2018. Akafungua karakana ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua hapa Mikumi, na kila kikao cha Lumuma kilichozungumzia umeme alihudhuria, hata alipoambiwa si mwenyeji, hata shemeji alipomsihi apumzike, mpaka Agosti 2020, transfoma ya pili ilipofungwa karibu na zahanati na nyaya zikabadilishwa. Hakualikwa kwenye uzinduzi, lakini alikwenda, akashuka bondeni jioni na kipimo chake, akaridhika, akarudi nyumbani.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Wapo waliosema alipigwa na umeme wa nguzo, wapo waliosema ni mkono wa mtu. Haikuwa hivyo, ilikuwa saratani, na yeye mwenyewe alituagiza tuitaje kwa jina lake ili wanawake wengine wawahi hospitali. Alitibiwa, akasuka mota kila alipopata nafuu, na akafariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, akiwa na mume wake na mama yetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa Mikumi, na ninyi wa Lumuma mliofika hapa na jeneza begani kwa sababu mlitaka kumbeba wenyewe. Aliyewapigania wengine wapate umeme bora akafukuzwa kazi hakuaibika, na sisi hatuoni aibu kuwa ndugu zake.

Dada Verdiana, ulikataa kusaini, na leo tunasimama pale pale uliposimama. Pumzika sasa, kwa amani ya Mungu.