Unga Usiopenda Moto wa Ghafla

Benchi lenyewe ni ubao wa mlango wa zamani, umelazwa juu ya makasha mawili ya betri za lori, nyuma ya duka la mikate. Saa nne asubuhi, mikate ikishakwenda zake, mwokaji hutoka na aproni yake na kukaa upande ulio karibu na ukuta, ili mgongo uonje joto lililobaki tanurini. Jina alilopewa na mama yake halina kazi pale. Wanamwita Hamira, maana akiguswa kidogo tu huumuka. Wenzake ni Chaji, fundi wa betri wa kibanda cha jirani, na Mita, mstaafu aliyesoma mita za umeme miaka thelathini na sasa anajiona kama umeme kauzaa yeye. Kahawa ni ya Shangazi Buli, na ukimuuliza yeye, hata benchi ni lake. Siku hiyo Hamira hakuumuka kabisa. Simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni, akaiacha itetemeke mpaka ikachoka.

— Nina swali, alisema. Si langu. Kuna mtu mmoja.

— Huyo mtu mmoja ana binti chuo kikuu? aliuliza Shangazi Buli.

— Shangazi, nimesema mtu mmoja.

— Haya, endelea na mtu wako.

Mtu huyo, alieleza Hamira, ana binti ambaye masomo yake ni kuoka unga. Si wa ngano. Ni unga mweusi wa madini, chembe zake ndogo hata ukizipanga elfu moja mstari mmoja hazifikii unene wa unywele. Oksidi ya manganizi. Jina hilo Hamira alilitamka bila kukwama, kwa kuwa alikuwa amelirudia mbele ya tanuri alfajiri nyingi mpaka ulimi ukalizoea. Unga ukiiva sawasawa unatiwa kwenye betri, nao unatunza umeme. Usipoiva, hautunzi kitu. Ukizidi moto, chembe zinashikana madonge, umeme unakosa pa kukaa.

— Hapo sasa mmefika nyumbani kwangu, alisema Chaji, akapanua miguu. Betri ni nyumba ya kupangisha. Umeme ni wapangaji. Chembe ndogondogo maana yake vyumba vingi. Zikishikana, umebomoa kuta zote, umebaki na ukumbi. Nani anapanga ukumbi?

— Wapi! alisema Mita. Umeme haupangi. Umeme ni msafiri. Mimi nimeufuata miaka thelathini, kila nikifika mlangoni nakuta umeshapita. Unga huo ni kituo cha kupumzikia tu. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje kwenye betri?

— Jembe si chuma?

Chaji akafikiri, akaona ni chuma kweli.

— Tuachane na majembe, alisema Shangazi Buli. Huo unga uliharibikaje?

Hamira alitazama chini ya kikombe.

— Uliingizwa kwenye tanuri lililokwisha kushika moto. Ilitakiwa uanze na tanuri baridi, moto upande pole, digrii moja baada ya nyingine, maji yaliyojificha ndani yapate njia ya kutoka.

— Nani alimwambia auingize kwenye moto?

Hamira akanywa kahawa, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Aliyemwambia alikuwa sahihi! alidakia Chaji. Moto ni moto, ukiubembeleza unapanda kichwani. Chelewachelewa utakuta mwana si wako.

Methali hiyo haikuwa na uhusiano wowote na tanuri, lakini Hamira ilimpata katikati ya kifua. Mwaka mzima binti yake alikuwa akimpigia simu kila Jumamosi, saa hii hii ya benchi, na Hamira alikuwa akiondoka kidogo na kusimama pembeni ili wenzake wamwone anavyoshauriana na msomi. Jumamosi moja binti akauliza: Baba, wewe unaanzaje na tanuri? Naye akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kama alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi: Usiingize kitu kabla tanuri halijashika moto. Tanuri baridi huua unga. Kwa mkate, hiyo ni sheria. Juzi ukaja ujumbe: Baba, unga umeshikana wote. Nilifanya kama ulivyonifundisha. Miezi minne ya kazi ya mtoto ilikuwa ndani ya unga ule. Tangu hapo simu ilikuwa ikiita, na Hamira alikuwa anaogopa kuipokea. Alimwogopa mtoto aliyemfundisha kutembea.

— Nyinyi hamjaelewa, alisema Mita. Unga huo kwanza ulikuwa jiwe. Limelala chini ya ardhi tangu dunia haijapata majirani. Jiwe linakumbuka. Ukilitia motoni ghafla linadhani ule moto wa zamani umerudi, chembe zinakumbatiana kwa woga. Ndiyo hayo madonge.

— Madonge ya woga, alisema Chaji kwa heshima. Dawa yake?

— Aoke huku anauimbia.

— Mimi naona autie kidogo kwenye mikate ya Hamira, alisema Chaji. Mtu anakula vipande viwili asubuhi, anaegemeza simu kitovuni, inajaa.

— Na akilala? aliuliza Shangazi Buli.

— Akilala anajizima. Ndiyo maendeleo hayo.

Siku nyingine Hamira angecheka mpaka unga udondoke kutoka kwenye nyusi. Simu ikatetemeka tena. Akaikandamiza kwa kiganja juu ya aproni, kama anayemtuliza mtoto mchanga.

— Shikamooni.

Hakuna aliyekuwa amemwona akija. Binti alikuwa amesimama mwisho wa benchi, begi begani, viatu vimejaa vumbi, simu bado iko sikioni.

— Marahaba, mama! alisema Mita. Umekonda!

— Hajakonda, amerefuka, alisema Chaji.

Binti alikata simu. Mfuko wa aproni ukatulia.

— Baba, mbona hupokei simu?

Watu waliokuwa wamejua umeme unalala wapi na jiwe linakumbuka nini, wote wakainamia vikombe vyao. Chaji alijaribu kumtetea.

— Labda betri...

— Chaji, nyamaza, alisema Shangazi Buli.

Hamira alisogea ili binti apate nafasi upande wenye joto. Akangoja mpaka akae.

— Niliona haya, alisema. Nimekuharibia kazi yako, mwanangu. Nilikuwa najisifu tu hapa mbele za watu. Mimi najua mikate. Unga wako siujui.

— Hukuniambia uongo, Baba. Nilikuuliza kuhusu tanuri lako, ukanijibu kuhusu tanuri lako.

— Mwalimu wako hakukwambia uanze na tanuri baridi?

— Aliniandikia. Karatasi iko ukutani, juu ya tanuri lenyewe.

— Sasa ulimwachaje mwalimu ukanifuata mimi?

Binti alichezea kamba ya begi. Ilionekana safari nzima ya basi alikuwa akijiandaa kwa swali hilo, na bado halikuwa jepesi.

— Nilikuwa peke yangu mle maabarani. Wenzangu wote baba zao ni madaktari, ni wahandisi. Nikasema, na mimi wangu ni fundi wa moto. Nikataka iwe kweli umenisaidia.

Hamira alijifuta macho kwa kona ya aproni, akayapaka unga, ikawa mbaya zaidi. Shangazi Buli akageuka kutafuta kitu kwenye kapu ambacho hakikuwamo.

Binti akatoa kichupa mfukoni, akawapa. Kikapita mkono kwa mkono. Chaji alikitikisa sikioni. Mita alikielekeza kwenye jua akaguna kama daktari. Ndani mlikuwa na vidonge vyeusi, vigumu, havina uhai.

— Basi kumbe ni hiki, alisema Shangazi Buli. Miezi minne.

— Miezi minne, shangazi. Mwalimu amesema nianze upya, na safari hii nimfuate yeye. Ila hata kwa mwendo wake zinashikana kidogo, na hajui kwa nini. Amesema nitafute mwenyewe. Ndiyo nilikuwa napiga nikuulize, Baba. Moto upande kwa mwendo gani ili unga uive, na bado kila chembe ibaki peke yake?

Hamira alifungua kinywa. Sheria zote za mikate zilikuja mbio ulimini, zikasukumana mlangoni. Chaji na Mita walimtazama wakingoja. Akazirudisha zote.

— Sijui, mwanangu.

Neno hilo lilimtoka pole, na halikumuua. Binti alilaza kichwa begani pake, penye unga.

— Nikianza nitakuwa nakueleza unavyokwenda. Wewe sikiliza tu. Jumamosi nitapiga. Utapokea?

— Nitapokea hata kabla haijaita.

Mita akainua kidole ili aeleze kwa nini jambo hilo, kwa upande wa umeme, haliwezekani kabisa. Shangazi Buli akamjazia kikombe mpaka ukingoni, naye akalazimika kunywa kwanza.