Udongo Ni Wangu, Okidi Zifungeni Mtini

Sogeeni, wanangu, wewe Gabriel na dada yako Esther, mkae mkeka mmoja hata kama hamsemezani, maana pumzi yangu imekuwa fupi na neno hili sitalisema mara mbili.

Ng'ombe mmeshagawana mbele ya baba yenu mdogo Isidori, na shamba la pamba kule Bunda ni la Esther, kwa kuwa lilikuwa la mama yenu Nyamburi. Hapo hakuna maneno. Maneno yako kwenye miche yangu ya maua ya okidi. Nimewasikia nyuma ya ukuta: Gabriel anasema Esther ameiozesha kwa maji, Esther anasema Gabriel ameiozesha kwa samadi, na mmekubaliana jambo moja tu, kwamba itupwe.

Isitupwe. Kufa siogopi, naogopa mkishaitupa hiyo, mtazoea na kutupana. Wote mmeiozesha kwa mapenzi. Sisi hapa Butiama ni watu wa zizi, kila kinachonyong'onyea tunakipaga samadi, lakini okidi kwao ni juu ya mti, mizizi yake inataka hewa, ukiizika kwenye samadi inakosa pumzi kama mimi sasa. Nawe Esther, maji ya jioni yanalala kwenye moyo wa mche mpaka kunakucha, moyo unaoza. Mwagilia asubuhi, pembeni, na yakiingia moyoni yafute kwa kitambaa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yanazoleka, ukiwahi.

Wanasema pia samaki mmoja akioza, wameoza wote. Hayo wawaachie wauza samaki wa Mwigobero. Gabriel, pitisha kisu motoni, kata palipolainika na kuwa peusi mpaka ufike penye ukijani, usiuonee huruma. Esther, paka kidonda unga wa mdalasini, uache mche ukauke kivulini, mbali na mizima, ndipo muupande kwenye vipande vya mkaa na magome. Mmoja akate, mwingine apake. Nimepanga hivyo makusudi.

Mkishanizika, najua mtataka kunipandia okidi kaburini. Msifanye hivyo, mtaziozesha tena. Udongo ni wangu mimi. Zenyewe zifungeni kwenye mti wa mlangoni pa zizi.

Mungu awatunze, zizi lenu lisikose ndama, na mlango wenu... usikose mgeni. Esther, nipe maji. Gabriel, mshikie dada yako kikombe. Hivyo... kidogo tu.

Inatosha, wanangu.