Kitambaa Cheupe cha Meza ya Mgeni

Mgeni rasmi, karibu, na utuwie radhi: umetukuta tunazozana juu ya kitambaa cha meza yako.

Mwenyekiti wetu alitaka cheusi. "Jamani, mgeni asione masizi yetu!" Shemeji yake, mshonaji wa mtaa, akatandika cheupe. "Masizi yetu tangu lini? Sisi tuna bomba la moshi?" Cheupe kimeshinda. Kimekung'utwa ukiwa njiani. Pitisha kidole sasa, ujionee.

TULIKOTOKA

Mtambo wa kufua umeme kwa makaa ya mawe ulitukuta hapa, hatukuufuata. Kaka zetu na waume zetu wamepata riziki pale, na taa zinawaka, hatukanushi. Lakini wenyewe unafua umeme, sisi tunafua nguo, na mshindi anajulikana. Hapa hakuna anayekunja nguo kabla ya kuikung'uta. Binti yetu mmoja aliolewa mbali, kwenye hewa safi, akaendelea kukung'uta shuka kila jioni, paa! paa!, mpaka mama mkwe akaitisha kikao: "Mwanangu, tumekukosea nini?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha mmoja wetu akauliza: nguo tunazikung'uta, na mapafu je?

MAFANIKIO

Mshonaji alikuwa akikohoa, akasema ni vumbi. Alipopimwa, ikawa saratani ya mapafu, ingali changa. Akapasuliwa, akatibiwa, akarudi kwenye cherehani yake. Leo ndiye aliyeongoza wimbo wa kukupokea, na pumzi zikabaki za kumzomea mwenyekiti.

Tangu hapo tumeandika, tumepiga hodi, tumekalia mabenchi ya ofisi mpaka makarani wakatubandika majina ya utani. Na lile pale ndilo gari la uchunguzi wa mapafu, linang'aa kama jino la mtoto, linasubiri ulikatie utepe. Hongera kwetu, na asante kwako.

CHANGAMOTO

Wataalamu wametueleza kwamba kuishi karibu na moshi huu kunaongeza hatari ya saratani. Hawakusema kila mkazi ataugua. Wanaume wetu wameshika maneno hayo ya mwisho tu, wakaongeza yao: ukitafuta ugonjwa, utaupata.

Mwenyekiti anakohoa tangu mvua zianze. Jana kikaoni tulisikia haya:

"Shemeji, hiki kikohozi cha vumbi tu."

"Hata changu kilikuwa cha vumbi."

"Basi nitapima wageni wakishaondoka."

"Wageni gani? Wewe hukosi wageni!"

Tulicheka, lakini si wote.

MAOMBI

Gari hili lisiondoke na msafara wako. Lipangiwe siku zake za kuja hapa, zijulikane. Mtambo ufungiwe vile vichujio vya moshi tulivyoahidiwa. Vipimo vya hewa vibandikwe sokoni, tusome wenyewe, macho tunayo.

Ombi la mwisho si lako, mgeni rasmi. Ni la mwenyekiti. Kaka, ingia wewe wa kwanza. Ukipimwa wewe, wanaume wenzako watapimwa. Nasi tunakuhitaji, hata ukituudhi.

Mgeni rasmi, karatasi inasema sasa tusome baraka. Ngoja kidogo. Mwenyekiti amesimama. Kofia amemwachia shemeji yake. Anaelekea garini... kaka, utepe haujakatwa! Haya, ameinama, amepita chini yake. Mlango umefungwa. Fundi baiskeli naye yuko nyuma yake, na muuza mkaa, na wengine wanasukumana kama wanagombea pilau. Vigelegele, akina mama!

Mkasi wako huo hapo, mgeni rasmi, juu ya kitambaa cheupe. Ukate au usikate, shughuli imeshafunguliwa. Mungu akujalie pumzi ndefu, nasi atuachie zetu, na kaka yetu atoke mle ndani akitugombeza kama kawaida.

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi wa Nyuma ya Mtambo