Upande wa Anayepokea: Maisha ya Longino Barutwanayo

“Umevunja mukono ya mutoto wangu, na bado unaniambia ni muchezo,” alisema mzee Uthmani, fundi cherehani wa mtaa wa jirani wa Yoba, akiwa amesimama katikati ya karakana ya useremala hapa Musinzira, mjini Gitega, mchana wa Jumamosi tarehe 17 Julai 2010, na marehemu Longino Barutwanayo, ambaye leo tumekusanyika kumsindikiza, akamjibu kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake kwamba upanga ulikuwa wa mti, kwamba yeye aliusimamisha mahali panapotakiwa, na kwamba Farida mwenyewe ndiye aliyeinua mkono. Majirani waliokuwa nje, na baadhi yao wako hapa, waliyasikia maneno ambayo mzee Uthmani alimalizia nayo: “Tumetoka ku vita juzi tu, na we Mtanzania unatuletea upanga. Ikuwe ya mti, ikuwe ya chuma, iko upanga.” Kisha akamshika binti yake, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitenge cha Mama Ursula, mke wa marehemu, wakaondoka, na kufikia jioni hakuna mzazi hata mmoja wa mtaa huu aliyekuwa tayari kumrudisha mtoto wake kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana.

Familia imeona vema kuanza na siku hiyo, kwa sababu marehemu alizoea kusema kwamba hapo ndipo alipoanza kujifunza, ingawa historia yake inaanzia mbali zaidi.

Marehemu Longino alizaliwa tarehe 3 Machi 1973 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Dominiko na mama Lucia, wakulima wa Makebuko, Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka uliotangulia wakiwa na nguo walizovaa na mbegu za maharage ndani ya kitambaa. Alibatizwa hukohuko, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, na walimu wake walimsifu kwa hesabu na kwa mwandiko mzuri, lakini nafasi ya sekondari hakuipata, akabaki akimsaidia baba yake shambani hadi mwaka 1991, alipopelekwa mjini Tabora kujifunza useremala.

Fundi mkuu aliyewafundisha randa na patasi alikuwa Mjapani, Bwana Okada, mtu wa maneno machache, ambaye jioni baada ya kazi aliwafundisha wanafunzi waliotaka mchezo wa upanga wa kwao uitwao kendo, na hasa yale mazoezi ya mwanzo ya upanga wa mti. Mazoezi hayo hufanywa na watu wawili, kila mmoja na upanga wake, mmoja akipiga na mwingine akipokea. Anayepokea husogeza kidogo ncha ya upanga wake ili kufungua nafasi, na anayepiga huushusha upanga hadi karibu kabisa na kichwa, au kifundo cha mkono, au ubavu wa mwenzake, akausimamisha kabla haujagusa. Upande wa kupokea hushikwa na mkubwa, kwa sababu ni yeye anayejua kama pigo limekaa sawa, na upande wa kupiga hushikwa na mdogo, na marehemu alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo kwa miaka mitatu yeye alipiga tu, na waliompokea walikuwa Bwana Okada mwenyewe au mwanafunzi aliyemtangulia, Nazario, mtoto wa wakimbizi kama yeye, ambaye asili yake ni Muyinga.

Mwaka 1994 alirudi Ulyankulu akiwa fundi kamili, akafungua karakana, akatengeneza madawati, vitanda na milango, na tarehe 12 Aprili 1997 alifunga ndoa takatifu na Ursula, binti wa mzee Yakobo, ambaye ndiye mjane anayelia leo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Fabiano, Kastori na Emiliana.

Mwezi wa Oktoba 2008 marehemu na familia yake walirudi Burundi pamoja na wengi waliorudi miaka ile, wakafika Makebuko na kukuta shamba la mzee Dominiko linalimwa na watu wengine, watu wema waliolipokea nao kutoka kwa wengine, na baada ya vikao na wazee wa kilima, yaani wa kijiji, shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Nusu hiyo haikuweza kulisha watu watano, ndipo marehemu akaja mjini Gitega, akapanga hapa Musinzira na kufungua karakana hii. Watu walimwita Mtanzania kwa sababu ya Kiswahili chake, na watoto wake shuleni waliitwa hivyohivyo, wakawa wanarudi nyumbani wamenuna, na marehemu, alipoona kwamba watoto wa waliorudi wanacheza upande mmoja wa barabara na watoto wa waliobaki upande mwingine, alichonga panga za mti za mkaratusi, akaanza kuwafundisha pamoja nyuma ya karakana kila Jumamosi. Farida alikuwa wa kwanza kuja kutoka Yoba, akiwa na miaka kumi na minne, tayari anajua kushona suruali yote peke yake, na marehemu alisema ana mkono mtulivu kuliko wote.

Kosa alilofanya marehemu lilikuwa la mtu aliyejua nusu ya kazi na kudhani anaijua yote. Hakuwa amewahi kusimama upande wa kupokea, na alipokuwa mwalimu aliendelea kushika upande wake wa zamani, akapiga yeye na kuwapokeza watoto, bila kuwaambia wafungue nafasi lini, wafungue kiasi gani, warudi nyuma kwa mguu upi, kwa sababu mwenyewe hakujua. Siku ile alilenga kifundo cha mkono wa Farida, akausimamisha upanga mahali alipofundishwa, na Farida, ambaye hakuna aliyemwonyesha la kufanya, aliinua mkono kujikinga, mfupa ukakutana na mti kabla haujasimama.

Baada ya ugomvi ule, Mama Ursula alipomuuliza marehemu anafikiri nini, alijibu kwamba anajaribu kukumbuka Nazario alikuwa anafanya nini na miguu yake, na hakumbuki. Tarehe 2 Agosti alipanda basi kwenda Muyinga.

Nazario alikuwa amerudi mwaka mmoja kabla yake, analima mahindi na kahawa nje kidogo ya mji, na alipomsikiliza hadi mwisho alicheka, si kwa ubaya, akamwambia: “Miaka yote ile ulikuwa unanipiga mimi, na hukuwahi kuniuliza mimi nafanya nini?” Marehemu alikaa kwake hadi mwisho wa mwezi, asubuhi akimsaidia kupalilia na kumtengenezea milango, alasiri akisimama kwenye uwanja wa kuanikia kahawa ili apigwe. Alisimulia nyumbani kwamba siku za kwanza alifumba macho kila upanga uliposhuka, kwamba alirudi nyuma mapema mno au alichelewa, na kwamba Nazario alimtania mbele ya wake wa jirani kuwa anapokea upanga kama mtu anayekwepa mvua. Polepole akajifunza kusogeza ncha kidogo tu, si mapema wala kuchelewa, kumwangalia mwenzake usoni, na kuuacha upanga wake ufike mahali pake bila kuuogopa. Nazario alikimbia nchi akiwa na miaka saba, aliona panga za kweli, na marehemu alipomuuliza aliwezaje kusimama vile Tabora akiwa kijana, alijibu kwamba mwanzoni alikuwa anatetemeka na Bwana Okada alikuwa anamngoja aache.

Jumapili tarehe 12 Septemba, sikukuu ya Idi ikiwa imepita na mkono wa Farida ukiwa umetolewa plasta, marehemu alikwenda Yoba na kreti ya Fanta, kama anavyokwenda mtu aliyekosa, pamoja na panga mbili za mti chini ya kwapa. Hakuomba Farida arudi. Aliomba msamaha, akasema kwamba mtoto hakukosa, kwamba yeye ndiye aliyekuwa hajui, kisha akampa mzee Uthmani upanga na kumwomba amlenge kwenye kifundo cha mkono, palepale uani. Mzee Uthmani akamuuliza, na akimvunja naye je, na marehemu akajibu: “Ukinivunja tutakuwa tumelingana. Usiponivunja, utajua jinsi binti yako alivyotakiwa kufundishwa kusimama.”

Mzee Uthmani mwenyewe amesema mara nyingi, wala haoni haya, kwamba alipiga kwa hasira na hakukusudia kuusimamisha. Marehemu alirudi nyuma kwa mguu wa kushoto, upanga ukapita mbele ya mkono wake, akarudi mahali pake na kufungua nafasi tena, na tena, hadi kofia ya mzee Uthmani ikaanguka, na Farida aliyekuwa anachungulia jikoni akashindwa kuvumilia, akasema, “Papa, ni muguu ya kuume inatangulia.” Watu wote waliokuwa uani walicheka, mzee Uthmani akaketi, akaomba afunguliwe Fanta moja, na alipoimaliza akasema mtoto atarudi, lakini yeye atakuwa pembeni anaangalia.

Pembeni hakukaa muda mrefu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akija kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri akiwa bado na futi ya kupimia shingoni, na watoto wa mitaa yote miwili wakarudi, na marehemu akaweka utaratibu ambao haukuwa wa Bwana Okada, kwamba kila mtoto, hata mdogo, atafundishwa kupokea kabla hajafundishwa kupiga. Ni mzee Uthmani peke yake ambaye hakufuata utaratibu huo. Alipiga tu, na marehemu akampokea, miaka mitatu, na kila alipoombwa kubadili upande alifanya mzaha kwamba fundi cherehani anakata, hakatwi. Siku moja tu alisema sababu yenyewe, kwamba mwaka 1993, mauaji yalipoanza, alimwona kaka yake amesimama hivyo mbele ya watu wenye panga, na marehemu hakumwomba tena.

Mwezi wa Agosti 2013 marehemu alianza kusikia maumivu upande wa kulia wa tumbo, akatibiwa hapa Gitega, kisha akapelekwa Bujumbura, ambako madaktari walikuta uvimbe kwenye ini. Emiliana aliacha masomo akiwa darasa la nane ili amuuguze, kwa kuwa kaka zake walikuwa wanaendesha karakana na mama yake alikuwa shambani Makebuko. Hadi Januari marehemu aliendelea kusimama uwanjani, akiwa hawezi tena kuinua upanga juu ya mabega, akisema kwa bahati nzuri anayepokea hahitaji kuuinua sana, na baada ya hapo alikalia kiti akiangalia, na mwezi wa Machi hata kiti kikamshinda. Mazoezi yakasimama. Vijana walijua mapigo yote, lakini hapakuwa na mtu mzima wa kuwapokea, na wadogo hawakuruhusiwa kuanza bila mtu mzima, kwa sababu ya mkono wa Farida. Katika ugonjwa wake wote hakulalamika juu ya maumivu kama alivyosumbuka juu ya jambo hilo. Kila Jumamosi alimuuliza Emiliana kama watoto wamekuja, na kila Jumamosi Emiliana alimwambia hapana.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, asubuhi ya Jumanne tarehe 13 Mei 2014, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake. Ameacha mjane, watoto watatu, mama yake mzazi, na wanafunzi wake wa Musinzira na Yoba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gitega na wa Bujumbura, waliosema nasi kwa ukweli na kwa upole, mapadre na wanajumuiya waliomletea sakramenti, majirani waliochota maji na kupika bila kuombwa, mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili na kumkataza Fabiano asiguse randa, waumini wa msikiti wa Yoba waliosimamisha maturubai haya, na Bwana Nazario, aliyepanda basi la kwanza kutoka Muyinga.

Inabaki kusimulia Jumamosi tarehe 10 Mei, siku ya mwisho ambayo marehemu alizungumza. Alasiri, kabla hajauliza swali lake, zilisikika sauti za watoto wengi nje, na mzee Uthmani akatokea mlangoni, Farida nyuma yake akiwa ameshika panga mbili. Mama Ursula alimkaribisha ndani, akavuta kiti, lakini yeye hakuingia, alivua kofia, akaegemeza mkono kwenye mwimo na kumwangalia marehemu, na marehemu akafumbua macho. “Watoto wamefika,” alisema mzee Uthmani. “Leo mi ndio nasimama upande yako, na Farida ndio atanipiga wa kwanza. Sasa we pumzika, ndugu yangu, pumzika na amani.”