Mtu Tuliyempigia Makofi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyeacha shughuli nyingi ili uwe mgeni rasmi wetu, waheshimiwa madiwani, mapadri, wachungaji na masheikh wa mji wetu wa Dodoma, Ndugu Damas, mkuu wa kituo hiki cha afya na malezi, Bibi Aneth, mkufunzi uliyetujia kutoka Dar es Salaam, ndugu wauguzi, matabibu na maofisa ustawi wa jamii mnaohitimu leo, nawe Sidonia, uliyesimama karibu na mlango kwa sababu hakuna aliyekupa kiti: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmoja wenu pale nyuma ampishe Sidonia kiti. Asante. Sasa tunaweza kuanza.

Nimeombwa niseme maneno machache ya pongezi, kisha nigawe vyeti. Pongezi ninazo, nami nitazitoa kwanza, kwa kuwa ni haki. Vyeti viko hapa mezani, vimefungwa utepe. Habari yake tutaizungumza baadaye.

Nilivaa sare ya uuguzi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Sisi wa zamani tulifundishwa kumwuliza mgonjwa maswali ya namna moja: unaumwa nini, tangu lini, na nani mwingine nyumbani anaumwa hivyo. Ni maswali mazuri kwa malaria na kwa jipu. Lakini alipokuja mlevi, alipokuja mjane aliyekata tamaa, alipokuja binti aliyekataa kula, tuliwauliza yayo hayo, tukayarundika matatizo yao mbele ya macho yao, tukawarudisha nyumbani na mzigo mzito kuliko waliokuja nao. Bibi Aneth ametufundisha kuuliza kwa njia nyingine. Ni siku gani tatizo hilo halikuja? Siku hiyo ulifanya nini? Nani alikuwa karibu nawe? Ungependa kesho yako iweje, na ni kipande gani cha kesho hiyo ambacho umekwisha kukianza? Mtu akiulizwa hivyo huinua kichwa. Nimeona kwa macho yangu, nami si mtu wa kusifu ovyo.

Miaka hii ya soko huria, semina zimekuwa nyingi kuliko dawa. Mtumishi hutoka semina ya maji akaingia semina ya uongozi, fulana zikamjaa kabatini, na ukimwuliza amejifunza nini anakuonyesha fulana. Semina hii haikuwa ya namna hiyo. Laiti ingekuwa hivyo! Nisingekuwa na hasira niliyo nayo, kwa kuwa mtu hamkasirikii asiyejua.

Wageni waalikwa hamkuwapo, kwa hiyo nitawaeleza kisa.

Bibi Aneth alikataa tuigize. Alisema, "Aje mtu wa kweli, mwenye jambo la kweli." Kituo kikamleta Matonya. Matonya ni mpagazi wa magunia katika soko la Majengo, na nyumba yake iko Nkuhungu. Mkewe alifariki, akamwachia binti, Anyesi, na mdogo wake wa kiume. Baada ya msiba Matonya alianza kunywa, na watoto wakawa wanalala na njaa. Hilo silifichi. Kamati ya malezi ya kituo hiki ikaamua watoto wapelekwe kwenye makao ya watoto katika mkoa mwingine. Kwa hali ilivyokuwa wakati ule, siilaumu kamati.

Ndugu Raphael, ofisa ustawi, ndiye aliyeketi naye mbele yetu. Alianza vibaya.

"Mzee Matonya, kwa nini unakunywa?"

Bibi Aneth akakohoa. Raphael akajirekebisha, "Samahani, mzee. Ni siku gani hunywi?"

"Siku mfuko umetoboka," akajibu Matonya, na ukumbi mzima ukacheka.

"Na siku mfuko una kitu, lakini usinywe? Zipo?"

Matonya alihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Zipo. Siku shemeji yangu Sidonia anapopita sokoni na watoto."

"Wakipita inakuwaje?"

"Anyesi ananishika mkono, twende nyumbani. Sasa, mwanangu, mtu utaingiaje kilabuni umeshikwa mkono na mtoto? Hata walevi wenzangu watanicheka. Watauliza, huyu naye umemleta aagize?"

Raphael akamwuliza, kama alivyofundishwa, kutoka moja hadi kumi, kumi akiwa ni yule aliyeishinda pombe kabisa, anajiona yuko wapi.

"Kumi ni ya Mungu, tisa ya padri. Mimi nipe nne."

"Kwa nini nne, mzee, na isiwe moja?"

"Wa moja hana wa kumpitia sokoni."

Ndugu zangu, tulipiga makofi. Tulipiga makofi ya kilo, tukiongozwa na Ndugu Damas mwenyewe. Wapo waliofuta machozi. Sidonia, ambaye huuza mchicha katika soko lilo hilo, alisimama akaahidi mbele yetu kwamba kila jioni atawachukua watoto wampitie baba yao. Tukampigia makofi naye. Kisha tukaenda kula wali.

Je, ahadi ile ilitimizwa? Waulizeni wauza nafaka wa Majengo. Tangu siku ile, kila jioni wanamwona Matonya akijikung'uta vumbi la magunia, akishikwa mkono huku na huku, akiipita milango ya kilabu bila kugeuza shingo. Wanamtania, "Bwana harusi, wapambe wamekuja!" Naye anacheka, anakwenda zake. Muuguzi wa Nkuhungu, aliyeketi humu, ameniambia watoto wanakula na wanahudhuria shule. Kwa hiyo mafunzo haya yalizaa matunda kabla hata hayajafungwa. Wangapi kati yetu tuliwahi kuhudhuria semina ya namna hiyo?

Sasa sikilizeni.

Leo asubuhi Sidonia amepiga hodi nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Jana walikuja watu wa kituo. Wamesema niwafulie watoto nguo. Gari linawafuata kesho alfajiri."

"Hukuwaambia kwamba Matonya ameacha?"

"Niliwaambia. Wamesema wanajua, hata wao walikuwapo siku ile. Wamesema yale yalikuwa mazoezi."

Mazoezi! Mheshimiwa mgeni rasmi, nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi, lakini hilo sikuwahi kulisikia. Mtu mzima aliletwa hapa, akaketishwa mbele ya watu, akafunua aibu ya nyumba yake ili wengine wajifunze kuuliza. Akaulizwa, akajibu, akalitimiza jibu lake. Na wale waliomwuliza wakasema lilikuwa zoezi! Je, Matonya ni bandia ya kufundishia wauguzi kufunga bendeji? Je, machozi yale tuliyoyafuta yalikuwa ya mazoezi? Sidonia ananiambia kwamba Anyesi ameficha viatu vya mdogo wake, akidhani kwamba asiye na viatu hasafirishwi. Huyo naye anafanya mazoezi?

Nilimwendea Ndugu Damas kabla ya sherehe hii. Alinipokea kwa adabu, akanipa kiti na soda. Akaniambia, "Mama, gari limekwisha pangwa na mafuta yametiwa. Tusipokwenda, wafadhili watasema hatutekelezi mpango." Nikamwambia nitalisema jambo hili hadharani. Akatabasamu. Labda alidhani nimezeeka kiasi cha kusahau.

Watoto wawili waondolewe kwa baba aliyejirekebisha, kwa sababu mafuta yametiwa! Basi na yamwagwe. Mafuta hayana mama aliyekufa. Ninyi mliojifunza kuuliza, mmejifunza kwa ajili ya nani, ikiwa hamna nia ya kulifuata jibu? Afadhali daktari asiyempima mgonjwa kuliko yule anayempima, akaona homa imeshuka, kisha akamchoma sindano kwa sababu dawa imekwisha kuvutwa.

Wajumbe wa kamati ya malezi mmeketi safu ya pili. Nawafahamu nyote, na wawili kati yenu niliwapokea mimi mwenyewe mlipozaliwa. Ambaye bado anaona kwamba watoto wale waondolewe kesho, asimame, atueleze sababu.

Nasubiri. Nina umri wa kusubiri.

Hakuna aliyesimama. Ndugu Raphael, umeinua mkono, sema, nakusikia. Unasema wewe uliwaambia wenzako, wakakunyamazisha. Basi siku nyingine usinyamaze. Keti.

Ndugu Damas, nawe umeinua mkono. Tafadhali. Umesema safari imefutwa. Safari ni ya gari, Ndugu Damas. Mimi nimeuliza habari za watoto. Sema tena. Watabaki kwa baba yao. Vema. Sasa geuka nyuma umwambie Sidonia, kwa maana jana aliambiwa kwa mdomo, na leo aambiwe kwa mdomo. Kwa sauti, tafadhali, yuko mbali.

Sidonia, umesikia?

Anasema amesikia. Makofi acheni, ya kwanza yanatosha. Anaomba ruhusa aondoke, kwa sababu saa ya kupita sokoni imekaribia na watoto wako nyumbani. Nenda, binti yangu. Mpisheni njia.

Wahitimu, msidhani nimepoa. Vyeti nitavigawa, kwa kuwa mkufunzi wenu amefanya kazi ya kweli. Hata hivyo, kesho alfajiri nitakuwa Nkuhungu, nimeketi mlangoni kwa Matonya, na nikisikia ngurumo ya gari, nitawajua waliolituma kwa majina.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, nakushukuru kwa kunivumilia. Bibi Aneth, nakushukuru kwa elimu uliyotuletea. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho, hata pale ambapo hamkupenda.

Wa kwanza kuchukua cheti ni nani?