Gunia la Mbegu Tulilompa Mungu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Nawasalimu nyote mliopanda mlima huu na matope yake mkafika humu mkiwa na furaha. Mchungaji ameniomba niseme kwa nini mimi na Mama Lugano tunatoa zaka. Mnanijua, si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimeyaokota katika vijarida vya kilimo, na nimezoea kueleza jambo kwa kutafuta chanzo chake. Leo ninalo jambo ambalo sehemu yake ninaweza kuieleza, na sehemu nyingine mpaka leo nainyamazia.

Wengi mnaikumbuka miaka ile soko lilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa. Madukani Tukuyu vilirudi vitu tulivyokuwa tumevisahau, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia. Lakini ghala la ushirika hapa Isongole, lililokuwa likitukopesha mbolea tulipe baada ya mavuno, lilifungwa kufuli na nyasi zikaota mlangoni. Mbolea ikawa ya mwenye fedha mkononi. Malori yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam kufuata viazi, na wanunuzi wakataka lumbesa. Gunia likijaa, juu yake linashonewa kichuguu kingine, na bei inabaki ileile ya gunia. Ukikataa, lori linakwenda kwa jirani.

Watu walikosa mbolea, wakavuna kidogo, na kwa shida wakauza mpaka mbegu. Mimi niliapa kwamba yangu haitaguswa. Ilikuwa kiazi cheupe chenye macho mekundu, nilichokichagua msimu baada ya msimu kwenye mashina yenye nguvu, nikakilaza kwenye kichanja bandani mpaka kitoe vichipukizi vifupi, vinene. Hakuna aliyekuwa na kiazi kama kile. Ndugu zangu, hofu ilinishika vibaya. Niliposikia lori linanguruma kwenye kona ya chini, nilitupa jembe nikakimbia kufunga banda. Niliamini kwamba siku mbegu ile ikitoka mkononi mwangu, wanangu watalala njaa.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Desturi yetu mnaijua: zaka ya mazao tunaileta mbele ya madhabahu, na baada ya ibada inauzwa kwa mnada hapo nje. Nilikuwa nimekwisha kutenga viazi vya kula, vizuri kabisa. Mama Lugano akasimama mlangoni mwa banda, akakitazama kichanja.

"Na hivi?"

"Hivyo ni mbegu."

"Mbegu si mavuno? Ilidondoka kutoka wapi?"

"Zaka ni ya chakula, Mama Lugano. Mungu hapandi viazi."

"Wala hali viazi," akasema. "Baba Lugano, kila kitu unampa, ila kile unachokiogopea. Basi mwenye nyumba hii ni kichanja."

Nikachukua gunia tupu. Tukavitoa pamoja, kwa kipimo kilekile tulichotumia kwa viazi vya kula, nikalibeba gunia begani mpaka kanisani. Niliona uzito wake kuliko magunia yote niliyowahi kubeba.

Mnadani alisimama marehemu Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa aliyeweza kuuza hata jiwe. Akainua kiazi kimoja juu. "Tazameni macho haya! Kimelala kichanjani kama bwana harusi, kikilishwa na kutunzwa. Nani anakioa?" Watu wakacheka. Jirani yangu mmoja akaniambia, "Baba Lugano, kinunue mwenyewe ukirudishe, naona machozi yanakulengalenga." Na kweli desturi inaruhusu, wengi hununua walichokitoa. Nikaingiza mkono mfukoni. Mama Lugano akanitazama. Nikautoa mkono mtupu.

Gunia likaenda kwa Fundi Shabani, fundi cherehani wa Makandana, kule Tukuyu mjini. Ni Mwislamu, lakini minada ya makanisa haikosi, kwa sababu mitumba ilipoingia iliwachukua wateja wake, akawa anatafuta chakula cha bei nafuu.

"Fundi, hivi havishonwi," Mzee Ambakisye alimtania.

"Vinapandwa," akajibu. "Mama Zuhura wangu ana shamba Lufingo."

Mbegu iliyobaki niliipanda yote. Mvua zikanyesha vizuri, majani yakafunika matuta. Kisha mchana mmoja nikaona mashina yananyauka ilhali udongo umelowa. Nilichimbua kiazi, nikakikata, na kwenye duara la ndani ukatoka ute mweupe. Nilikuwa nimeusoma ugonjwa huo, nikajua kabla bwana shamba hajafika. Ni mnyauko. Hauna dawa. Shamba la juu yangu lilikuwa limepandwa mbegu iliyonunuliwa kwenye lori, haijulikani ilikotoka, na maji ya mvua yalikuwa yameushusha ugonjwa tuta kwa tuta. Bwana shamba akaniambia ning'oe vyote, nivifukie, na nisipande viazi pale kwa miaka kadhaa. Nilikitazama kichanja kitupu. Kile nilichokuwa nimekiogopa kikawa kimenifika, na si kwa sababu ya zaka niliyotoa.

Msimu huo tulikula mahindi ya kuombaomba kwa ndugu. Siku moja nilishuka Tukuyu kutafuta kibarua, nikapita kwenye baraza la Fundi Shabani kumwomba anishonee kiraka.

"Wewe si yule wa bwana harusi wa mnadani?" akaniuliza.

Nikamweleza yaliyonipata. Akasimamisha mguu kwenye cherehani. Kisha akasema, "Ijumaa baada ya swala nakwenda Lufingo. Njoo twende wote."

Ndugu zangu, sijui nitumie maneno gani. Tulipozunguka kilima cha Lufingo niliona matuta yamechanua. Mama Zuhura, mke wa fundi, akachomoa shina moja mbele yangu, akakung'uta udongo. Kiazi cheupe, macho mekundu. Nikakikata kwa kisu changu. Ndani kilikuwa kikavu na safi. Akanionyesha shamba la jirani, na la jirani wa jirani, maana alikuwa amewagawia. Niliketi kwenye tuta. Mbegu niliyoilinda kwa nguvu zangu zote ilikuwa imeoza ardhini, na ile niliyoitoa kwa hofu ilikuwa inachanua upande mzima wa kilima.

Vilipokomaa, Fundi Shabani akajaza gunia. Lilipojaa akaongeza juu, akatoa sindano yake, akashona kichuguu. Lumbesa, ndugu zangu. Kipimo kile tulichokuwa tukinyang'anywa na malori, nikawa napewa mimi. Nikamwambia nitalipa baada ya mavuno.

"Utamlipa nani?" akasema. "Mimi nilishamlipa Mungu wenu pale mnadani, na Mungu ni mmoja. Mali ya sadaka siwezi kuiuza mara ya pili. Wewe kilete kile kiraka tu, hicho utalipa."

Kwangu hapakupandika. Wazee wa kanisa wakanipa kipande cha shamba la kanisa, ardhi iliyokuwa malisho tu, iliyonunuliwa zamani kwa sadaka za watu ambao wengine hatujui hata majina yao. Hapo ndipo mbegu ilipoanza upya, na karibu kila kiazi cha macho mekundu mnachokipanda leo hapa kimetokana na gunia lile.

Ndugu mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo nisipotoa, Mungu ataniletea mnyauko?" Nikamjibu hapana. Majirani zangu waliotoa kwa uaminifu nao walipoteza mashamba. Mungu si mnunuzi wa lori wala si mwenye duka, kwamba ukiweka hiki upate kile. Mnyauko ninaweza kuwaeleza, maji, udongo na mbegu mbaya. Nisichoweza kueleza ni kwa nini msimu ule, kabla ya mvua zile, mke wangu alisimama mlangoni mwa banda akauliza, "Na hivi?" Nikilifikiri hilo, navua kofia hata nikiwa peke yangu shambani.

Mimi niliokolewa kutoka kwenye kichanja. Siku hizi lori likinguruma, naendelea kulima. Ndiyo maana natoa, na ndiyo maana nawaalika nanyi mumwamini kwa kile mnachokiogopea. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Lugano. Ndaga fijo, asanteni sana.

Leo ni sikukuu ya mavuno. Gunia letu liko hapo nje, ni mbegu, nimelishona lumbesa. Fundi Shabani ameshafika, amekaa kwenye baraza anasubiri mnada. Pandisheni bei bila kunionea huruma. Mfukoni sikuweka kitu.